Sura ya Tano: Niandike Shida Ipi?

"Mwalimu, nina shida nyingi. Niandike ipi?"

Walimu wa Kisii na Nyamira hulisikia swali hili baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kutangazwa. Kijana amefaulu vizuri, ameambiwa kuna vyuo vya ng'ambo vinavyolipia kila kitu, na sasa anatakiwa kuandika insha juu ya maisha yake. Anahesabu: baba alifariki, shamba ni robo ekari, karo haikuwahi kukamilika, mama ni mgonjwa. Hajui achague ipi. Mwenzake aliyelelewa na wazazi wote wawili mjini Kisii ana wasiwasi wa namna nyingine: "Mimi sina shida yoyote kubwa. Nitaandika nini?"

Wote wawili wanaamini jambo moja: kwamba huko ng'ambo kuna mtu anayepima mateso, na aliyeteseka kuliko wote ndiye huchaguliwa. Imani hiyo si kweli, na huwafanya vijana hodari waandike insha dhaifu. Sura hii ina hoja moja: usichague shida kwa ukubwa wake. Chagua ile ambayo ndani yake wewe mwenyewe unaonekana ukifikiri, ukiamua na ukitenda.

## Nani huomba insha, na nani haombi

Insha tunayoizungumzia hapa ni insha binafsi, yaani maandishi mafupi ambamo mwombaji hujieleza kwa maneno yake, mbali na alama za mtihani. Si kila chuo wala kila mfadhili anayeiomba. Kabla ya kushika kalamu, jua unaandikia nani.

- Vyuo vikuu vya Kenya. KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia watahiniwa nafasi vyuoni, hutumia gredi na alama za klasta, yaani hesabu inayotokana na masomo manne yanayohusiana na kozi unayoitaka. Haisomi insha ya mtu yeyote.
- Basari na mikopo ya hapa nchini. Basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge), basari ya kaunti na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) huombwa kwa fomu na vielelezo.
- Ufadhili wa shule za sekondari. Wings to Fly, ulioanzishwa na Equity Group Foundation mwaka 2010, na Elimu Scholarship hutumia fomu, mahojiano mbele ya kamati, na ziara ya kwenda kuona nyumba ya mwanafunzi.
- Uingereza. Maombi hupitia UCAS, mfumo mmoja wa vyuo vyote. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, mwombaji hujibu maswali matatu: kwa nini anataka kozi hiyo, masomo yake yamemwandaaje, na nje ya darasa amefanya nini cha kumwandaa. Jumla ni herufi 4,000. Hapa shida za maisha zina nafasi ndogo. Wanataka kuona kama unalipenda somo.
- Marekani. Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni. Insha yake kuu ina maneno 250 hadi 650.
- Mastercard Foundation Scholars. Mpango huu ulianza mwaka 2012 na hufanya kazi na vyuo washirika, vikiwemo Ashesi cha Ghana na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kila chuo kina maswali yake.

Swali la "niandike shida ipi" ni hasa la Marekani na la wafadhili wa namna hii. Ratiba pia inakupa nafasi. KCSE huandikwa kati ya Oktoba na Novemba, na matokeo hutoka Januari. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo Wakenya wengi huomba katika mwaka unaofuata mtihani. Una miezi ya kuandika, kuacha na kurudia.

## Fomu ya basari imekufundisha nini

Mtoto wa mkulima hapa kwetu hujifunza kuandika juu yake mwenyewe kupitia fomu ya basari. Fomu hiyo humuuliza kama ni yatima, kama analelewa na mzazi mmoja, kama kuna mlemavu nyumbani. Humtaka abandike nakala ya cheti cha kifo, akatafute sahihi ya chifu na muhuri wa shule. Chini kuna mistari michache ya kueleza kwa nini anahitaji msaada. Mwanafunzi akishajaza fomu kama hizo kwa miaka minne, mkono wake unazoea: yatima, maskini, ndugu wengi, naomba msaada.

Fomu hiyo haina kosa. Pesa ni chache, wahitaji ni wengi, na kamati haina budi kujua nani ana upungufu mkubwa zaidi. Swali lake ni moja: *Unakosa nini?*

Insha ya chuo huuliza swali jingine kabisa: *Wewe ni mtu wa aina gani, na tukikuweka darasani na bwenini pamoja na wenzako, utaleta nini?* Anayelijibu swali la pili kwa majibu ya swali la kwanza anajieleza kwa yale asiyokuwa nayo, na msomaji anafunga ukurasa akiwa anajua upungufu wake bila kumjua yeye.

Zingatia pia jinsi vyuo vyenyewe vinavyoamua. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huchagua wanafunzi bila kuangalia kama wanaweza kulipa, hata wale wa kigeni. Akishachaguliwa, chuo humlipia kinachopungua. Vyuo vingine vingi huangalia uwezo wa kulipa kabla ya kumpa nafasi mwanafunzi wa kigeni. Katika kundi la kwanza umaskini hauhesabiwi kama sifa ya kukupa nafasi. Katika kundi la pili unaweza hata kukuwekea kikwazo. Katika makundi yote mawili, kusema tu kwamba wewe ni maskini hakutoshi.

Hii haina maana kwamba hali yako ifichwe. Maofisa wa vyuo hutaka kujua A- yako ilipatikana katika mazingira gani, na kuna mahali pa kulieleza hilo:

- barua ya mwalimu na ripoti ya shule;
- fomu ya fedha, ambayo huuliza mapato na mali ya familia;
- sehemu ya pembeni ya Common App ya kueleza changamoto na hali za maisha, maneno 250.

Weka huko mambo ya hakika, kwa sentensi fupi: baba alifariki mwaka gani, ulikosa shule wiki ngapi, kazi gani ulifanya nyumbani. Ukishafanya hivyo, insha kuu inakuwa huru kumwonyesha mtu.

Kwa ufupi: fomu hupima upungufu, insha hutafuta mtu. Usijibu swali la moja kwa jibu la nyingine.

## Shida moja, insha mbili

Tuchukue mfano wa kutunga. Msichana mmoja anatoka sehemu za Kebirigo, Nyamira. Mama yake ana miche ya chai na huuza majani mabichi kwa kiwanda kilicho chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo. Hii hapa rasimu yake ya kwanza:

*Ninatoka katika familia maskini. Baba yangu alifariki nikiwa Kidato cha Pili. Mama ni mkulima mdogo wa chai na hana kipato cha kutosha. Nilifukuzwa shule kwa karo mara nyingi, lakini sikukata tamaa. Kwa neema ya Mungu nilipata A-. Nikipewa nafasi hii nitaisaidia jamii yangu.*

Hakuna neno la uongo hapo. Lakini insha hii ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuanzia Nyansiongo hadi Ogembo, na msomaji atakutana na nyingine kama hiyo kabla ya chakula cha mchana. Sasa soma rasimu ya pili ya msichana yuleyule:

*Karani wa kituo cha chai humpa mama risiti ya kila mzigo. Mama huzitia katika kopo la kakao. Nilipotumwa nyumbani kwa karo muhula wa kwanza wa Kidato cha Tatu, nilizimwaga mezani nikazipanga kwa miezi. Kila mwezi tulilipwa kidogo. Fedha nyingi, yaani bonasi, zilikuja Oktoba. Shule ilitaka sehemu kubwa ya karo Januari. Nikaona kwamba uchache wa pesa ulikuwa nusu tu ya tatizo letu. Nusu nyingine ilikuwa kalenda. Niliandika ratiba ya malipo kwenye karatasi ya hesabu: kiasi kidogo kila mwezi, salio baada ya bonasi. Nilikwenda nayo kwa mwalimu mkuu nikiwa nimebeba kopo. Aliniuliza nani alinipangia. Nikamwambia ni mimi. Alikubali, kwa sharti kwamba niwe ninaleta risiti mwenyewe kila mwisho wa mwezi.*

Umaskini ni uleule. Kifo cha baba hakikutajwa hapo. Kimekwenda katika sehemu ya pembeni. Lakini sasa tumemwona msichana anayepanga ushahidi, anayegundua kilichojificha ndani ya tarakimu, anayethubutu kubisha mlango wa ofisi. Chuo kinaweza kumkisia akiwa katika darasa la uchumi. Kinaweza pia kumwona akiwasaidia wenzake bwenini.

Ona jinsi vitu vidogo vilivyofanya kazi: kopo la kakao, risiti, mwezi wa Oktoba. Msomaji aliye Massachusetts hajui shilingi inanunua nini. Ukimwambia karo ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, kiwango ambacho serikali ilikitangaza kwa shule za bweni za kitaifa, hatapata picha. Lakini mwambie kwamba kilo moja ya majani mabichi ikilipwa shilingi 20 mwisho wa mwezi, karo hiyo ni karibu kilo 2,700, na kwamba zote huchumwa kwa vidole, majani mawili na kichipukizi. Hapo ataelewa bila wewe kumwomba akuhurumie.

## Vipimo vinne vya kuchagua

Andika kwenye karatasi kila jambo gumu ulilopitia, kubwa na dogo. Kisha lipitishe kila moja kwenye maswali haya.

1. Mkono wangu uko wapi? Katika jambo hili mimi nilifanya nini, niliamua nini, niliacha kuamini nini? Kama kila kitu kilifanywa na mjomba, mfadhili au Mungu, na wewe ulingoja tu, insha hiyo ni ya kuwashukuru hao. Ni jambo jema, lakini halijibu swali uliloulizwa. Tendo si lazima liwe la ushujaa. Kuamua kumhudumia nyanya usiku na kusoma saa kumi alfajiri ni tendo. Kubadili mawazo juu ya mtu uliyemlaumu ni tendo pia.

2. Je, jirani yangu angeweza kuiandika? Siri ya mtungi aijuaye kata. Kama maelezo yako yangeweza kutolewa na mtu aliyekuona kwa mbali barabarani, bado hujaingia ndani. Tafuta kile ambacho wewe peke yako ulikiona, ulikisikia au ulikihesabu.

3. Siri hii ni ya nani? Mambo mengi yaliyotuumiza ni ya watu wengine pia. Kipimo hiki kina uzito wa pekee kwetu, na tutakirudia hapa chini.

4. Naweza kuulizwa juu yake? Vyuo vingine na wafadhili wengi huita mwombaji kwenye mahojiano. Mtu usiyemjua atakutazama na kusema, "Tueleze zaidi." Kama huwezi kuongea juu ya jambo hilo kwa dakika tano ukabaki mzima, si wakati wake.

Jambo linalopita vipimo vyote vinne linaweza kuwa dogo kuliko yote kwenye karatasi yako. Lichague hilo.

## Chinsoni na mambo ya nyumbani

Kwa Abagusii, mahusiano kati ya vizazi huongozwa na chinsoni, yaani utaratibu wa heshima na haya unaoeleza nani hawezi kusema nini mbele ya nani. Mtoto hazungumzii mwili wa mzazi wake, wala hafichui ugomvi wa chumba cha wazazi. Kijana aliyelelewa hivyo anapoambiwa na ukurasa wa kompyuta aeleze jambo gumu lililomjenga, moyo wake unavutwa huku na huku. Akinyamaza, anahofia kukosa nafasi. Akisema, anahisi amemvua nguo mama yake mbele ya wageni.

Hisia hiyo isidharauliwe. Ulevi wa baba, ugonjwa alionao mama, nyanya aliyesingiziwa uchawi na wanakijiji: haya yamekuumiza, lakini wenye kubeba matokeo ya kujulikana kwake si wewe peke yako. Insha husomwa na mwalimu anayekuandikia barua, na pengine huonwa na wenzako wanaotafuta mfano wa kuiga. Baadhi ya wafadhili hutumia hadithi za wanafunzi kwenye video na vijitabu vyao. Unachokiandika ukiwa na miaka 18 kinaweza kurudi Keroka kabla yako.

Njia ya kufuata ni hii. Muulize mwenye jambo, kama yuko na anaweza kuulizwa: "Mama, naomba ruhusa nieleze kipindi kile ulipokuwa mgonjwa. Nitasema hiki na hiki; kile sitasema." Wazazi wengi hukubali wakiulizwa kwa heshima, na wengine hukupa habari usiyoijua. Akikataa, andika sehemu yako tu. Huhitaji kutaja ugonjwa ili uandike jinsi ulivyojifunza kusoma maandishi ya kwenye pakiti za dawa, ukatengeneza jedwali la saa za kumeza, na mwishowe ukapenda kemia.

Hata hivyo, heshima isigeuzwe kuwa kifuniko cha aliyekudhuru. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Msichana aliyekataa kukeketwa, au aliyekeketwa bila ridhaa yake, ana haki ya kueleza yaliyompata. Ukeketaji ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2011, na aibu ni ya aliyetenda. Mwili ni wake na hadithi ni yake. Lakini haki ya kusema ni pamoja na haki ya kunyamaza. Hakuna chuo kinachomdai hadithi hiyo, na asimsikilize mshauri anayemwambia kwamba "ndiyo itakayouza".

## Kidonda ambacho hakijapona

Kuna mambo ambayo bado yanavuja damu. Kifo cha mwaka jana. Ubakaji. Ndugu aliyejiua. Kuandika juu ya jambo la namna hii kwa haraka, ukihesabu maneno hadi 650, kunaweza kukurudisha nyuma. Na insha yenyewe mara nyingi huwa dhaifu, kwa kuwa mwandishi bado yumo ndani ya maumivu na hana mahali pa kusimama ili ayaeleze.

Jipime hivi: isome rasimu yako kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Ukishindwa kufika mwisho, iweke kando. Iandike kwa ajili yako, si kwa ajili ya chuo. Na kama jambo hilo linaendelea, au linakunyima usingizi, insha si dawa yake. Nchini Kenya namba 116 ni ya bure kwa watoto, na 1195 ni ya bure kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Piga leo. Maombi ya chuo yanaweza kungoja mwaka mmoja.

## Na mimi nisiye na shida kubwa?

Habari njema ni kwamba insha haidai shida. Common App hutoa mada saba, na ni moja tu inayouliza moja kwa moja juu ya kikwazo au kushindwa. Nyingine huuliza juu ya imani uliyoihoji, shukrani iliyokugusa, au jambo unaloweza kulifikiria ukasahau saa. Ya mwisho inakuruhusu uandike juu ya chochote.

Kwa hiyo usiazime mateso ya jirani. Angalia pale ulipokwama, hata kama hakuna aliyelia:

- Kijana wa Tabaka, ambako mawe ya sabuni huchimbwa na kuchongwa, anaweza kuandika juu ya siku alizojaribu kutafuta njia ya kupunguza vumbi wakati wa kuchonga, na kwa nini wazee walikataa.
- Msichana ambaye baba yake ana matatu anaweza kuandika jinsi alivyochora foleni ya stendi akitaka kujua kwa nini gari hujaa polepole asubuhi fulani.
- Mwanafunzi wa mjini asiyekijua Kigusii vizuri anaweza kuandika juu ya aibu ya kutoelewana na nyanya yake, na alivyoamua kukaa naye jikoni likizo nzima, wakichambua mboga za chinsaga, mpaka maneno yakaja.

Haya ni mambo madogo. Lakini kila moja lina swali, jaribio, na mtu aliyebadilika kidogo. Msomaji wa insha hataki kukuona umeumia. Anataka kukuona ukiwa macho.

## Usiongeze chumvi

Mwaka 2018 gazeti la The New York Times lilifichua habari za T.M. Landry, shule ndogo ya kibinafsi katika jimbo la Louisiana, Marekani, iliyokuwa imepata sifa kubwa kwa kuwaingiza vijana weusi katika vyuo maarufu. Gazeti lilieleza kwamba shule hiyo ilibuni sehemu za rekodi za wanafunzi na kutia chumvi hadithi zao za mateso, kwa sababu iliamini kwamba ndicho vyuo vinachotaka kusikia kuhusu mtoto mweusi. Waliobeba mzigo ni wanafunzi: wengine walijikuta vyuoni bila maandalizi, na wote walitiliwa shaka.

Somo hilo linatuhusu. Mwafrika anayeomba chuo cha ng'ambo husukumwa aingie katika picha ambayo tayari imechorwa: mtoto peku, kibatari, kilomita nyingi hadi shuleni. Kama ulitembea peku, sema. Kama ulipanda boda boda na kusomea taa ya umeme, usiizime taa hiyo kwenye karatasi. Uongo hugunduliwa kwa njia rahisi: barua ya mwalimu haiafikiani na insha, majibu ya mahojiano yanapishana, au mfadhili anafika nyumbani na kukuta hali nyingine. Nafasi iliyokwisha kutolewa inaweza kuondolewa.

Kuna vishawishi vingine viwili vya zama hizi. Cha kwanza ni mtu wa cyber anayekuandikia kwa malipo. Cha pili ni programu za akili mnemba, ambazo huandika Kiingereza safi kwa sekunde chache. Vyote viwili hutoa insha laini isiyo na kopo la kakao ndani yake, kwa kuwa havikuwepo mezani ulipozipanga risiti. Waombe watu wakusahihishie tahajia na wakuulize maswali. Sentensi ziwe zako.

## Hatua za kuandika

1. Simulia kabla ya kuandika. Insha itakuwa ya Kiingereza, lakini mambo yako mengi hayakutokea kwa Kiingereza. Msimulie rafiki kwa Kigusii au Kiswahili, ukijirekodi kwenye simu. Sikiliza ulipochangamka.
2. Anza katikati ya tendo. Acha "nilizaliwa tarehe". Anza pale ulipomwaga risiti.
3. Gawa maneno. Tatizo lisizidi theluthi moja ya insha. Theluthi mbili zilizobaki ni za ulichofanya na ulivyobadilika.
4. Futa maneno ya fomu. "Mnyenyekevu", "naomba kwa dhati", "familia duni", "sikukata tamaa". Yaache. Onyesha jambo lenyewe.
5. Wape wasomaji wawili. Mmoja akujue, aseme kama ni kweli. Mwingine asikujue, aseme amekutana na mtu wa aina gani.
6. Rudia baada ya wiki mbili. Macho yaliyopumzika huona penye pengo.

## Muhtasari wa sura

- Jua nani anasoma: KUCCPS haisomi insha, UCAS hutaka somo, vyuo vya Marekani hutaka mtu.
- Ukweli wa hali yako una mahali pake: barua ya mwalimu, fomu ya fedha, sehemu ya changamoto.
- Chagua shida yenye mkono wako ndani yake, hata ikiwa ndogo.
- Omba ruhusa kwa wenye siri, usiwalinde waliokudhuru.
- Kidonda kibichi hakiuzwi.
- Ukweli hukaa salama mbele ya mahojiano.

Neno la mwisho ni kwa mzazi na mwalimu, kwa maana wao ndio huulizwa kwanza. Mtoto akija na swali lake, msimwambie, "Andika ile ya baba yako kufariki, hiyo itawagusa." Mkisema hivyo mnamfundisha kwamba thamani yake imo ndani ya msiba. Muulizeni badala yake: "Kipindi kile, wewe ulifanya nini?" Kisha mnyamaze, mumsikilize mpaka amalize. Vyuo vyenye ufadhili kamili hukataa waombaji wengi kuliko wanaokubaliwa, na huenda barua ya kukataliwa ikaja. Lakini kijana aliyeulizwa hivyo, akajibu kwa ukweli na kuliandika jibu lake vizuri, anakuwa amejua jambo juu yake mwenyewe ambalo hakuna kamati inayoweza kumnyang'anya, na atalitumia chuo chochote atakachokwenda, kiwe Boston au Kisii.